Kwa Maneno Yako Mwenyewe

Wodi nzima ya wanawake ilimwita Mama Pole, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akifungua mdomo bila kuanza na neno hilo. Pole mgonjwa, pole daktari, pole kwa mvua, pole hata kwa kitanda kilichovunjika mguu. Kazi yake ilikuwa uhudumu: kudeki sakafu, kubadili mashuka, kumwaga vyombo vya haja, kuwageuza wagonjwa wasioweza kujigeuza. Wauguzi walikuja wakaondoka, wengine wakaolewa, wengine wakahamishwa, madaktari wakapanda vyeo. Yeye alikuwa palepale na ndoo yake, tangu binti yake wa pekee akiwa wa kubebwa mgongoni mpaka sasa binti huyohuyo anampita kimo.

Tuseme ukweli, mgongo wake ulikuwa umekwisha. Haukuwa ule uchovu wa kusema "leo nimechoka," ukalala, ukaamka mzima. Huu ulikuwa uchovu uliohamia kabisa, ukaleta na vyombo vyake, ukapanga. Ikiwa kitambaa kimeanguka chini, ilimbidi kwanza akitazame, afikirie kama kweli kina thamani ya kuinamiwa. Mara nyingi aliamua hakina, akakisogeza kwa mguu mpaka ukutani, akakiacha hapo kingoje mtu mwenye mgongo.

Aliyemwita pembeni ni Sista Mkuu, msimamizi wa wodi, mwanamke ambaye hata akikutakia heri ungedhani anakukaripia.

"Mama Pole, hospitali itapeleka wahudumu chuo cha uuguzi mwakani. Nimetaja jina lako."

"Ee, sista! Pole kwa kunisumbukia."

"Usinipe pole, nipe cheti. Masomo mengine yote unayo tangu zamani. Kinachokukwamisha ni Kiingereza. Na umri wako nao unajua ulipofika. Wakishapeleka hawa wa safari hii, wewe hawakuchukui tena. Kwa hiyo ni safari hii, au uendelee na hiyo ndoo mpaka ikuzike."

Alisema hivyo akaenda zake, viatu vyake vikigonga sakafu iliyokuwa bado mbichi. Mama Pole alizitazama alama za viatu, akazifuta, na alipozifuta akawa anafikiria kiti. Kulikuwa na kiti kwenye meza ya wauguzi, cha mbao tu, kimepasuka upande mmoja, na kila muuguzi alipomaliza kugawa dawa alikikalia kuandika. Muuguzi naye husimama, tena sana, lakini kuna saa hukaa. Kazi yake yenyewe humtaka akae. Hicho kiti ndicho alichokitaka duniani, wala hakuona aibu kukitaka.

Sasa kuhusu Kiingereza. Mama Pole hakuwa mjinga wa lugha hiyo kama watu walivyodhani. Aliwaelewa madaktari wakizungumza, angalau alijua nani anaongelewa na kama hali ni nzuri au mbaya. Kusoma alisoma. Mtihani alikwisha kuufanya mara mbili, na mara zote mbili sehemu iliyomwangusha ni ileile: unapewa sentensi moja ndefu, imejikunja na kujikunjua, kisha unaambiwa uieleze upya, kwa Kiingereza hichohicho, kwa maneno yako mwenyewe. Hebu fikiria dhuluma hiyo. Maneno yenyewe mtu ameyapata kwa kuokotaokota, hata moja si la kwao, halafu anaambiwa atumie yake mwenyewe.

Neno mojamoja alilijua. Shida ilikuja yakisimama pamoja. Yalikuwa kama ndugu waliokuja mlangoni bila taarifa: kila mmoja unamtambua kwa sura na jina, ila hujui kilichowaleta wote kwa pamoja. Alisoma sentensi mwanzo mpaka mwisho, akafika mwisho akiwa amepoteza mwanzo, akarudi kuutafuta mwanzo, mwisho nao ukatoroka.

Bahati yake, au mkosi wake, tutaona, ni kwamba mwaka huo binti yake naye alikuwa anamaliza shule na angefanya mtihani uleule, siku ileile. Tena kwa kuwa shule ya binti ndiyo iliyokuwa kituo cha watahiniwa wa nje, wangefanyia ukumbi mmoja. Baba wa nyumba, fundi wa kuchomelea vyuma, aliona hilo ni jambo la kuchekesha kuliko yote aliyowahi kuyasikia.

"Nyumba ina wanafunzi wawili sasa," alisema. "Mimi nani atanipikia? Mwalimu mkuu?"

"Jipikie," binti alimwambia.

"Haya, Profesa," baba akasema, kwani ndivyo alivyomwita. Na kweli siku nyingi alijipikia, akaunguza, akala bila kulalamika, maana kwa maneno alikuwa mtu wa mzaha lakini kwa vitendo hakuwa mtu mbaya.

Binti alikuwa hodari. Hili si sifa za mama, kila mtu aliyemfundisha alilisema. Kiingereza kilimkaa mdomoni kama alizaliwa nacho, na kama ilivyo kwa vijana wanaojua kitu, hakuweza kuelewa inakuwaje mtu mwingine asikijue. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, alifungua mitihani ya miaka ya nyuma juu ya meza, akamsomea mama yake sentensi. Mama alikaa upande wa pili, miguu ameinyoosha juu ya kigoda, macho yanafumba yenyewe.

"Mama, unalala."

"Silali. Nasikiliza kwa ndani."

Basi kuna jioni moja akamsomea sentensi iliyokuja kuwaponza. Aliisoma mbio, kwa madaha. Kwa lugha yetu ingekuwa hivi: mwanamke yule alikuwa na fahari mno asiweze kuomba msaada, na alikuwa amechoka mno asiweze kuishi bila huo msaada.

Mama Pole akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akaomba tena.

"Yaani alikwenda kuomba msaada, wakamnyima?"

"Wapi wameandika wamemnyima?"

"Si amechoka na msaada hana? Basi kuna watu wamemnyima."

"Mama, hakuna watu. Yuko peke yake humo kwenye sentensi."

"Pole yake."

Baba aliangua kicheko kule alikokaa. Binti hakucheka.

"Hakuomba, mama. Fahari yake ilimzuia asiombe."

"Sasa kama hakuomba, wangejuaje?"

"Hiyo ndiyo maana ya sentensi!"

"Basi si wangesema hivyo tangu mwanzo, tukalala mapema."

Binti akashusha pumzi kama mtu aliyebebeshwa gunia. "Haya, jaribu na wewe. Kwa maneno yako."

Mama Pole akakaa sawa, akajaribu. Akatoa vijineno vitatu vinne vya Kiingereza, vifupi, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayevuka mtoni kwa kukanyaga mawe. Binti alisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka. Hakucheka kwa ubaya, lakini alicheka.

"Mama, hiyo ni ya mtoto wa darasa la tatu!"

Mama akacheka naye. Ndivyo alivyozoea kufanya. Ila neno lile lilimkaa, akalala nalo, akaamka nalo, na tangu siku hiyo hakujaribu tena kutoa maneno yake mezani. Binti alipomwambia ajaribu, alisema, "Wewe sema yako, mimi nitayashika." Hivyo ndivyo ulivyoanza utaratibu wao: binti anatunga, mama anakariri. Kila sentensi ngumu ilipata tafsiri yake kutoka kwa binti, na mama aliibeba neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza.

Ile ya mwanamke mwenye fahari ndiyo iliyotoka nzuri kuliko zote. Binti aliitunga upya hivi, kwa Kiingereza kilichonyooka mpaka kinang'aa: kwamba heshima aliyojiwekea ilimfunga mdomo, ilhali uchovu ulikwisha kuufanya msaada kuwa kitu asichoweza kukikwepa. Aliipeleka shuleni, mwalimu wake akaisomea darasa zima, akauliza kama kuna mwingine anayeweza kuandika hivyo. Hakukuwa na mwingine. Binti alirudi nyumbani siku hiyo hatembei, anaelea.

Mama Pole akaichukua wodini. Aliikariri akisukuma dekio, mbele nusu ya kwanza, nyuma nusu ya pili, mpaka mikono ikawa inaijua kabla ya kichwa. Kulikuwa na bibi mmoja kitanda cha dirishani, mgonjwa wa nyonga, ambaye hakuwa na kazi nyingine ila kutazama watu.

"Unasali, mwanangu?"

"Nasoma, bibi. Pole na maumivu."

"Kusoma gani huko kwa kusugua sakafu?"

"Nikiacha kusugua nitafukuzwa, nikiacha kusoma nitafeli. Sasa nichague nini?"

"Chagua kulala," bibi akasema. "Macho yako yamekuwa kama ya samaki wa jana."

Mama Pole alicheka, na akicheka mgongo ukamkata, akajishika kwenye chuma cha kitanda mpaka ukatulia. Muuguzi kijana alipita karibu naye akiwa na trei ya dawa. Mama Pole hakumwita. Hakuwa mtu wa kumwita mtu. Akangoja, akavuta pumzi, akaendelea na nusu ya pili ya sentensi.

Usiniulize kama alielewa alichokuwa anakariri. Alielewa na hakuelewa. Alijua ni habari ya mwanamke aliyechoka, na hapo palimtosha. Yale maneno ya kung'aa katikati aliyabeba tu, kama unavyobeba sahani za watu za udongo, kwa kuogopa kuzivunja.

Siku ya mtihani ikafika. Binti alivaa sare aliyopigiwa pasi na mama yake alfajiri, mama akavaa gauni lake la kwendea kwenye misiba na harusi. Walitembea pamoja mpaka shuleni, wakatenganishwa mlangoni. Wanafunzi mbele, watahiniwa wa nje nyuma. Mama Pole alikalishwa kwenye safu ya mwisho, karibu na dereva wa lori mwenye mikono minene na mwanamume mmoja aliyefunga tai kana kwamba anakwenda kuapishwa. Kiti kilikuwa cha mtoto. Akakikalia hivyohivyo, magoti yakigusa meza.

Msimamizi wa mtihani alisimama mbele, mtu mkavu mwenye sauti kavu. Alisoma masharti yote yanayosomwa, halafu akaweka karatasi chini, akasema na la kwake.

"Mwaka jana, ukumbi huuhuu, kuna waliofutiwa matokeo. Sehemu ya kueleza kwa maneno yako mwenyewe, majibu yao yalifanana neno kwa neno. Hatukuuliza nani alimwangalia nani. Hatukuuliza nani ni nani wa nani. Walifutiwa wote, mtoaji na mpokeaji, masomo yote. Msije mkasema hamkuambiwa."

Watu wakajikohoza. Karatasi zikagawiwa.

Mama Pole alianza vizuri kuliko alivyotarajia. Barua aliiandika. Habari ya kusoma na kujibu aliipapasa, akapata alichopata. Akafungua ukurasa wa sentensi ngumu. Ya kwanza hakuielewa. Ya pili aliielewa nusu, akaandika nusu. Ya tatu aliisoma mpaka ikamwishia njiani. Akatazama ya nne.

Ilikuwa yeye. Mwanamke mwenye fahari, aliyechoka, peke yake humo kwenye sentensi, hakubadilika hata nukta.

Moyo wa Mama Pole uliruka kwa furaha ambayo hakuwa ameionja kwa miaka mingi. Alikwisha kujihesabia: zile tatu za kwanza zimemwangusha, lakini hii moja, ikiandikwa ilivyo, alama zake zote zikikaa mahali pake, itamvusha. Hakuhitaji kung'ara, alihitaji kuvuka tu. Na mle mbele, safu ya pili, akamwona binti yake anageuza kichwa kidogo, kufumba na kufumbua, anamtafuta mama yake kwa jicho. Binti alitabasamu. Tabasamu lile lilisema waziwazi: umeiona, mama? Yetu hiyo! Msimamizi akagonga meza kwa kalamu, binti akageuka mbele, akainama, na mkono wake ukaanza kuandika bila kusita.

Mama Pole naye akaandika neno la kwanza. Kalamu ikasimama.

Alikuwa mtu wa kufikiri taratibu, lakini akifikiri hufika. Alimtazama binti akiandika, akamsikia tena yule mkavu wa mbele. Neno kwa neno. Mtoaji na mpokeaji. Masomo yote. Maneno yale ya kung'aa hayakuwa maneno ya kukutwa popote, mwalimu mwenyewe alikwisha kuuliza kama kuna mwingine anayeweza, na darasa likanyamaza. Sasa yangetoka mara mbili ukumbi mmoja, kwa mama na mwanawe.

Akajaribu kuyageuza. Akafikiria kubadili neno la mwanzo, akaona sentensi imebaki ileile, imevaa shati jingine tu. Akafikiria kuihamisha nusu ya pili mbele, ikawa haisomeki. Hakujua kuishika kwa namna nyingine, alikuwa ameikariri ikiwa nzima na nzima ndivyo ilivyotaka kutoka. Akajiambia huenda msahihishaji atachoka, atapita bila kuona, watu husahihisha maelfu. Huenda. Kama ingekuwa kichwa chake peke yake kinachowekwa rehani, angeandika. Kichwa cha pili kilikuwa kule mbele, kimeinama, kola ya sare imesimama vizuri kama alivyoipiga pasi.

Alikifikiria kile kiti cha mbao kilichopasuka. Akakifikiria sana, zaidi ya inavyompasa mtu mwenye saa inayokwenda. Halafu akalikata lile neno la kwanza kwa mistari, mingi, mpaka halisomeki.

Ikabidi sasa amtafute yule mwanamke kwa njia yake mwenyewe. Hakumtafuta mbali. Alimkuta ameshika chuma cha kitanda cha dirishani, mgongo umemkata, muuguzi kijana anapita na trei, naye amefunga mdomo. Kwa nini hakuita? Alijiuliza hilo kwa mara ya kwanza katika maisha yake, katikati ya mtihani, ukumbini, na jibu lilimkera. Aliandika kwa vijineno vyake vya darasa la tatu. Vilikuwa vichache, wala hakuwa na hakika na vyote. Akaweka nukta, akakunja mikono, akangoja kengele.

Nje, binti alimjia mbio akipasua umati.

"Mama! Umeiona? Ile yetu! Mungu wangu, nilitaka kupiga kelele! Umeiandika?"

Mama Pole alikuwa ameketi kwenye ngazi, viatu amevivua. Akaona ule uso unawaka, akakumbuka kuna mitihani mingine wiki nzima mbele, hesabu na mingineyo, na mtoto anayeanza kuogopa hufeli hata anachokijua.

"Niliisahau," akasema.

"Umefanya nini?"

"Imenitoka. Nimeandika vitu vyangu tu. Pole, mwanangu."

Binti alisimama, mikono kichwani. "Mama! Umeikariri mwezi mzima! Hata baba anaijua! Hata yule bibi wa wodini pengine anaijua!" Aliendelea hivyo njia nzima, na mama akatembea pembeni yake akisema ndiyo, ndiyo, kichwa kimechoka, ndiyo. Kuna saa mtu huchoka kiasi kwamba kulaumiwa ni rahisi kuliko kueleza. Alikuwa amefika hapo.

Wala halikuisha siku ile. Kila jambo la Kiingereza lilipotajwa nyumbani, lilirudi. Redio ikisema kitu, binti husema, "Mama angekuwa ameshakisahau." Baba akamwambia aache, akaacha siku mbili, akaanza tena. Hakukusudia kuumiza. Alikuwa na uchungu wa mwalimu aliyeangushwa na mwanafunzi wake, na uchungu wa namna hiyo ukiwa na miaka kumi na saba hauna breki.

Miezi ikapita ya kungoja. Mama Pole akarudi kwenye ndoo na dekio na wagonjwa wa kugeuza. Sasa alideki kimya. Bibi wa nyonga alikwisha kuruhusiwa kwenda kwao, na kitandani pake alilazwa mwanamke mnene asiyesema neno, aliyehitaji watu wawili kumgeuza na mara nyingi alipata mmoja.

Matokeo yalitoka mchana mmoja wa kawaida kabisa. Mama alikuwa nyumbani anajiandaa na zamu, Sista Mkuu akampigia simu kabla hata binti hajarudi kutoka shuleni kuyasoma ubaoni. Sista alisema kwa ukali wake uleule, lakini alisema taratibu. Umekosa kidogo, Mama Pole. Kidogo sana. Nimelipeleka jina la yule wa wodi ya watoto. Kisha akanyamaza, na katika kunyamaza kwake yule mwanamke mkali kulikuwa na pole kubwa kuliko zote ambazo Mama Pole alikwisha kuzigawa.

"Asante, sista," akajibu. "Nitafika kwenye zamu."

Binti aliingia akihema. Yeye alikuwa amefaulu, tena kwa alama za juu, na kwa Kiingereza alikuwa wa kwanza shule nzima. Mama akamkumbatia, akamshika uso, akamwambia mambo ambayo mama huwaambia watoto siku kama hizo, na yote alikuwa anayamaanisha. Baba angepelekewa habari karakanani. Kisha binti akakaa, furaha ikampungua, kwani ubaoni alikuwa ameyaona na matokeo ya mama yake.

"Umekosa kidogo tu, mama. Yaani ile sentensi moja! Ungeiandika ile moja, ungekuwa umevuka. Sijui nikuambieje. Naumia."

"Yamekwisha, mwanangu."

"Hayajaisha. Naumia kweli." Akafuta uso, akatafuta cha kumfariji mama yake. "Angalau hukufutiwa. Yule dereva na yule mwenye tai waliokaa karibu nawe wamefutiwa kila kitu. Majibu ya zile sentensi yalifanana, wamefuta ya wote wawili, mpaka ya hesabu. Sasa fikiria, wametafuta sentensi kwa sentensi, maana waliandika..."

Akanyamaza hapohapo, mdomo wazi.

Mama Pole alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, kazi iliyomtaka nguvu zake zote, na hakuinua kichwa.

"Mama."

"Naam."

"Hukusahau."

Kamba ya kulia ikafungwa. Akaanza ya kushoto.

"Mama, uliikumbuka."

"Neno kwa neno," Mama Pole akasema. "Hata sasa ninayo. Ilikuwa nzuri mno."

Binti akaanza kulia, si kwa madaha, kwa sauti mbaya ya mtoto. Alilia kwa ajili ya matokeo, na kwa ajili ya ngazi zile za shule, na kwa kila siku aliyofungua mdomo wake nyumbani mle. "Mbona hukuniambia? Miezi yote hii nakusema, unanitazama tu! Mbona hukuniambia ninyamaze?"

"Ulikuwa na mitihani mingine. Halafu ikaisha, nami nikawa nimechoka. Sijui. Nilichoka kusema."

"Uliandika nini?"

Mama Pole akanyoosha mgongo polepole, mkono kiunoni. Akaisema kwa Kiingereza chake, bila madaha, neno moja baada ya jingine, kama alivyoiandika. Alichoka. Alihitaji mtu. Mtu alipita karibu. Hakumwita.

Binti hakucheka. Alimtazama mama yake, yule aliyesimama mbele yake na gauni la kazi na soksi zilizolegea, akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anaisoma ile sentensi.

"Ni sahihi," akasema. "Ni sahihi kabisa, mama."

"Haikutosha."

"Ungeandika ile yetu. Huenda wasingeona. Ilikuwa nafasi yako ya mwisho, mimi ningeweza kurudia! Huenda wasingeona!"

"Huenda," Mama Pole akakubali. Alichukua mkoba wake kwenye msumari, akafungua mlango, jua la mchana likaingia mpaka katikati ya chumba. "Ila waliomba maneno yangu mwenyewe, mwanangu. Yale yalikuwa yako."

Akaenda kwenye zamu, kwa kuwa yule mgonjwa mnene alikuwa hajageuzwa tangu asubuhi.